Draiva, weji au puta? Kwa mchezaji wa gofu anayetaka kubadili fimbo msimu huu

Msomaji ameniuliza hivi: “Nina handikapu ya 18, yaani kwa kawaida nazidisha mapigo 18 hivi juu ya kiwango cha uwanja, napiga kwa mkono wa kulia. Fimbo zangu zote ni za mwaka 2012, kuanzia draiva mpaka weji. Nikipiga draiva, mpira hukata kulia zaidi ya nusu ya mara. Kila msimu naona matangazo ya draiva inayopiga mbali kuliko ya mwaka jana, na sasa kuna puta za maumbo ya ajabu ambazo kila mtu anazisifu. Uwezo wangu ni kubadili vitu viwili, vikizidi sana vitatu. Nianzie wapi? Na je, kipimo cha umbali cha leza kinaruhusiwa mashindanoni?”

Ndugu yangu, anza na weji, zile fimbo za mipigo mifupi. Halafu jaribu hizo puta, fimbo za kusukumia mpira shimoni, tena kwa makini, maana safari hii kelele zina msingi. Draiva, fimbo ya kupigia mbali, iache ya mwisho, na usiitolee uamuzi kabla hujajua mpira unagonga wapi kwenye uso wa hiyo uliyo nayo. Najua ndiyo uliyotaka kuisikia kwanza, kwa hiyo nitaianza hiyo hiyo.

Umbali wa draiva una dari, na dari hiyo imekuwepo muda mrefu kuliko fimbo zako. R&A na USGA, wanaotunga sheria za gofu duniani, wanapima muda ambao uso wa draiva unagusana na chuma cha kupimia. Kikomo ni maikrosekunde 239, pamoja na ustahimilivu wa 18, yaani 257 kwa jumla. Ukubwa wa kichwa nao una kikomo cha sentimita za ujazo 460. Vikomo hivi vilikuwa kazini tangu katikati ya miaka ya 2000, na watengenezaji walivifikia mapema. Maana yake ni kwamba ukiupata mpira katikati kabisa ya uso kwa draiva yako ya 2012, kasi ya kuondoka kwake haitatofautiana sana na ya draiva iliyotoka kiwandani wiki hii. Tofauti utakayoiona kwenye mashine ya vipimo mara nyingi inatokana na lofti (pembe ya kuinama kwa uso) au shafti (mti wa fimbo) ambayo imekukaa vizuri zaidi.

Kilichobadilika ni pembeni mwa uso, na kwa mchezaji wa handikapu 18 huko pembeni ndiko anakoishi. Mpira ukigonga nje ya kitovu, kichwa hujizungusha mkononi na nguvu hupotea. Kuna kipimo cha namna kichwa kinavyokataa kuzungushwa hivyo, na sheria inakiwekea ukomo wa gramu-sentimita mraba 5,900, pamoja na ustahimilivu wa 100, kwa mzunguko wa kisigino (upande wa shafti) na ncha (upande wa mbali). Baada ya kuukaribia ukomo huo, watengenezaji wakageukia mzunguko wa juu na chini. Ndipo mwaka 2024 PING wakatoa G430 Max 10K, TaylorMade nao Qi10 Max, kila moja ikijivunia kufikisha 10,000 ukijumlisha mizunguko yote miwili. Nyuso za kaboni ambazo TaylorMade walianza nazo kwenye Stealth ya 2022, na zile ambazo Callaway wamekuwa wakizichora kwa akili bandia tangu Epic Flash ya 2019, nazo zinahangaikia sana swali hilohilo: mpira uliogongwa vibaya upoteze kiasi gani?

Tuweke namba. Tuseme kichwa cha fimbo yako kinapita kwa maili 90 kwa saa. Ukigonga vizuri kabisa, mpira hutoka kwa takriban mara moja na nusu ya kasi hiyo, yaani maili 135. Ukigonga karibu na kisigino, uwiano unaweza kushuka hadi 1.38 na mpira ukatoka kwa maili 124. Kila maili moja ya kasi ya mpira ina thamani ya yadi mbili hivi, kwa hiyo umepoteza yadi 20 na ushee, bila kuhesabu kwamba mpira wenyewe umekata kulia na kutua kichakani. Hizo ndizo yadi unazoweza kuzipata. Zile za kwenye matangazo zimehesabiwa kwa mtu mwingine.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, nunua kopo la poda ya miguu ya kupuliza. Paka uso wa draiva, piga mipira kumi, ukifuta na kupaka upya kila baada ya mpigo, na upige picha kila alama. Hapo utakuwa katika moja ya hali tatu.

Alama zikitapakaa kila upande, wewe ni mteja halali wa vile vichwa vikubwa vilivyotulia, na nitakuunga mkono ukivinunua.

Zikirundikana upande wa kisigino, ambako wengi wanaokata kulia hujikuta, tatizo huenda ni urefu wa fimbo. Mpira unaogongwa kisiginoni huongezewa mzunguko wa kulia na kule kujizungusha kwa kichwa, hata kama umepiga vizuri. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 au 45.75, ilhali wachezaji wengi wa kulipwa hutumia fupi kuliko hapo. Mwombe fundi akupunguzie nusu inchi au inchi nzima, na akumbuke kuongeza uzito kidogo kwenye kichwa, kwa sababu kila nusu inchi unayoikata inashusha uzito wa kichwa unaousikia mkononi kwa pointi tatu hivi. Hiyo ni kazi ndogo, na huenda ikakuondolea kabisa haja ya draiva mpya.

Hali ya tatu: alama ziko katikati na bado mpira unakata. Hapo uso unafika ukiwa wazi, na fimbo inaweza kukusaidia kiasi, si yote. Kuna vichwa vilivyowekewa uzito kisiginoni ili uso uwahi kufunga. G440 SFT ya PING, Elyte X ya Callaway na DS-Adapt Max-D ya Cobra, zote za 2025, ziko kundi hilo. Ongeza lofti pia. Wanaume wengi huona haya kubeba draiva ya digrii 12, lakini lofti zaidi huongeza mzunguko wa nyuma na kupunguza uzito wa ule wa pembeni, na ukiiongeza kwa kuzungusha shingo ya fimbo, uso nao hujifunga kidogo. Kuhusu shingo, mfumo wa Cobra wa FutureFit33 ndio ulionivutia zaidi kati ya vitu vipya vya miaka hii: una mipangilio 33, na lofti hubadilishwa bila kulazimisha pembe ya kulala, yaani ile kati ya shafti na ardhi, ibadilike nayo. Kwa mtu anayepambana na mpira wa kulia, uhuru huo una maana kuliko rangi ya kichwa.

Usiache kuangalia toleo la mwaka uliotangulia. Rory McIlroy alishinda Masters Aprili 2025, akakamilisha mataji yote manne makubwa, akiwa na draiva ya Qi10 ya 2024 wakati kampuni inayomdhamini ilikuwa tayari imetoa Qi35. Mtu anayepewa kila kitu bure, siku kiwanda kinapokitoa, alibaki na ya zamani kwa sababu ndiyo iliyomnyookea.

Zile draiva ndogo zenye ujazo wa sentimita 300 hadi 340 hivi, kama BRNR ya TaylorMade ya 2023, ni nzuri kwa anayehitaji fimbo fupi ya kupigia kutoka tii, pale shimo linapoanzia, kwenye shimo jembamba. Kwako zisubiri.

Sasa tuje kwenye aironi, fimbo za chuma za umbali wa kati, ambako wanunuzi wengi hudanganywa na namba. Muuzaji atakupa aironi namba 7 mpya, utaipiga, itakwenda yadi 15 mbele ya yako, nawe utatabasamu. Muulize lofti. Aironi namba 7 ya zamani za kale ilikuwa na digrii 34 au zaidi. Seti nyingi za leo za kuwasaidia wachezaji wa kati zina 28 au 29, na baadhi zimeshuka hata chini ya hapo. Kwa lugha nyingine, umepiga namba 6 iliyoandikwa 7. Sisemi ni ulaghai mtupu: uzito umeshushwa chini ya kichwa ili mpira upande licha ya lofti ndogo, na kwa wengine hilo linafanya kazi vizuri. Lakini upime kwa kitu sahihi. Mashine itakuonyesha pembe ambayo mpira unashukia. Ukishuka kwa digrii 45 hivi, grini, zile nyasi fupi zenye shimo, itaupokea. Ukishuka kwa 38, utadunda na kutokea nyuma, na zile yadi 15 zitakuwa zimekupeleka bankani, kwenye mchanga.

Kuna gharama nyingine iliyofichika. Weji ya seti kama hiyo inaweza kuwa na digrii 43 au pungufu, wakati weji yako ya mchangani ina 56. Katikati kuna shimo la digrii 13, na shimo hilo liko kwenye umbali ambao mchezaji wa handikapu yako huukuta mara nyingi. Utalazimika kuongeza weji mbili, na sheria inakupa fimbo 14 tu. Ndiyo maana sikushauri ubadili aironi msimu huu. Zako za 2012 zikiwa hazijapinda, mpeleke fundi akague pembe ya kulala, basi. Aironi iliyosimama mno, ncha ikiwa juu wakati wa kugonga, humpeleka mpigaji wa kulia kushoto. Iliyolala mno humpeleka kulia. Kurekebisha ni kukunja shingo digrii moja au mbili.

Aironi zilizochapwa kwa mashine ya 3D, kama LIMIT3D ya Cobra iliyotoka 2024 na 3DP Tour iliyofuata, zinastahili kushikwa kwa ajili ya udadisi. Ndani ya kichwa kuna wavu wa chuma ambao hauwezekani kuusubu wala kuufua, na uzito uliookolewa humo umehamishiwa pembezoni. Fimbo yenye sura ya mchezaji hodari inakusamehe kama pana. Teknolojia hii itasambaa. Bado si yako.

Kama una aironi namba 4 na 5 ambazo huzitoi mkobani isipokuwa kwa kusafisha, zibadili na haibridi au wudi namba 7, fimbo zenye kichwa kinene zaidi, yenye digrii 21 hivi. Mpira utapanda zaidi na kutua wima zaidi. Hapo sina mengi ya kusema, ushahidi uko wazi mara ya kwanza unapoipiga kutoka kwenye nyasi nzito.

Weji ndiyo sababu hasa ya kukuandikia marefu. Weji ya 2012 iliyotumika kila wiki imekufa, hata kama chuma chake kinang’aa. Mifereji ya usoni ndiyo inayokamata mpira na kutoa maji na majani katikati ya uso na mpira. Kingo zake zikilainika, mpira huteleza juu ya uso, huondoka juu zaidi na kwa mzunguko mdogo, kisha hutua na kukimbia. Utadhani umepiga vibaya. Tena tangu 2010 sheria imepunguza ukali unaoruhusiwa wa kingo hizo, kwa hiyo fimbo zilianza na akiba ndogo, nayo ikatumika. Kwa mtu anayekosa grini nyingi, na kwa handikapu ya 18 utakosa nyingi kuliko utakazozipata, weji mpya inagusa karibu kila shimo. Draiva inagusa yale ya tii ndefu tu.

Usinunue kwa lofti peke yake. Angalia pia baunsi, yaani pembe ya sehemu ya chini inayozuia ukingo wa mbele usichimbe. Ukishuka kwa mwinuko mkali na kuacha mapande makubwa ya nyasi, au mchanga wa unakocheza ni laini na mwingi, chukua digrii 10 hadi 14. Ukifagia na ardhi ni ngumu, digrii 4 hadi 8 zitakutosha, kwani baunsi kubwa kwenye ardhi ngumu hudunda na kuupiga mpira tumboni. Wasiojua pa kuanzia waanze na 10. Kuhusu lofti, soma kwanza ya weji ya seti yako, halafu ushuke kwa hatua za digrii nne hadi sita. Kwa seti ya 2012 nadhani 50 na 56 zitakutosha, na 60 iache kwa wenye muda wa kuifanyia mazoezi.

Jaribu zote juu ya nyasi. Wavu wa ndani na kapeti la plastiki haviwezi kukuambia lolote kuhusu baunsi, kwa sababu kapeti husamehe mpigo uliochimba.

Halafu puta. Hizo za maumbo ya ajabu ulizoziona huitwa puta zisizo na msokoto, na walioanzisha wimbi hili ni L.A.B. Golf. Ukiiweka shafti ya puta ya kawaida yenye umbo jembamba juu ya kidole, ncha hudondoka kuelekea chini. Maana yake kichwa kinataka kufunguka na kufunga chenyewe wakati wa kuisogeza, na mikono yako inafanya kazi ya kukirudisha. Katika hizi mpya, mhimili wa shafti umepangwa kulingana na kitovu cha uzito ili kichwa kisiwe na hamu ya kujisokota, na uso ubaki sawa na njia unayoichora. J.J. Spaun alishinda US Open ya 2025 pale Oakmont akiwa na DF3 ya L.A.B., akautia mpira wa mwisho kutoka futi 64. Kampuni nyingine zimefuata, Odyssey kwa Square 2 Square na PXG kwa Allan.

Maoni yangu: kwa anayekosa mipira ya mita moja na nusu kwa kuisukuma kulia au kuivuta kushoto, ni miongoni mwa vifaa vichache vya miaka ya karibuni vinavyostahili kujaribiwa kwa dhati. Lakini hazifai wote. Wenye mkono laini wanaohisi kichwa kikifunguka na kufunga hulalamika kwamba zimekufa mkononi, na baadhi hupoteza kipimo cha umbali kwenye mipira mirefu. Kwa hiyo jaribio lako liwe na sehemu mbili. Piga mipira kumi ya mita mbili na uhesabu inayoingia, halafu piga kumi ya mita kumi na mbili na uangalie imesimama wapi kutoka shimoni. Ikiboresha ya kwanza na kuharibu ya pili, usilipe siku hiyo. Rudi wiki nyingine. Fanya jaribio hilohilo kwa puta yako pia, siku hiyohiyo, kwenye grini hiyohiyo, la sivyo utakuwa unalinganisha kitu na kumbukumbu.

Ukiona hizo hazikufai, puta pana ya kawaida bado ni hatua nzuri kutoka kwenye nyembamba. Scottie Scheffler alihamia kwenye Spider ya TaylorMade Machi 2024 na kushinda wiki hiyohiyo.

Umesema vitu viwili au vitatu. Viwili ni weji na puta. Cha tatu si fimbo: ni mpira. Wengi huokota wowote uliomo mkobani, leo wenye ganda gumu la ayonoma, kesho wenye ganda laini la yurethani, halafu wanashangaa kwa nini mpira wa karibu na grini unasimama siku moja na kukimbia siku nyingine. Kwa draiva tofauti kati yao ni ndogo. Kwa weji mpya utakayonunua tofauti ni kubwa, na weji mpya yenye mpira wa ganda gumu ni pesa iliyopotea nusu. Chagua aina moja ya yurethani na uitumie msimu mzima. Si lazima iwe Pro V1, iliyobadili soko tangu 2000. Leo aina nyingi zina ganda kama hilo. Kama unapoteza mipira mingi kiasi kwamba yurethani inakuuma, basi chagua aina moja ya bei nafuu na ushikamane nayo. Bora mpira wa wastani unaoujua.

Na badilisha gripu. Sihesabu hiyo kama kitu, kwa sababu ni matengenezo. Raba iliyokauka hukulazimisha kukaza mikono, na mikono iliyokazwa ni mojawapo ya sababu za uso kufika ukiwa wazi. Fanya hivyo kabla ya lile jaribio la poda, maana linaweza kubadili alama utakazoziona.

Kuhusu leza: inaruhusiwa. Tangu sheria za 2019, kupima umbali ni halali isipokuwa kamati ya mashindano iwe imeweka kanuni ya mahali hapo inayokataza, kwa hiyo soma karatasi ya mashindano kabla ya tii ya kwanza. Kisichoruhusiwa ni kupima tofauti ya mwinuko, kile kipengele kinachokuambia “yadi 150, cheza kama 158”. Kuwa na kifaa chenye kipengele hicho si kosa, ila kipengele kizimwe wakati wa raundi. Ukikitumia, ni mapigo mawili ya adhabu kwenye mchezo wa kuhesabu mapigo, au kupoteza shimo kwenye mchezo wa ana kwa ana, na ukirudia unaondolewa mashindanoni. Ukinunua, tafuta chenye swichi ya nje inayoonekana ikiwa imezimwa, ili mwenzako anayeandika kadi yako asilazimike kukuuliza.